Viza moja, nchi 29: Jifunze kuhesabu siku kabla ya kufunga mizigo

NDUGU msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kijikaratasi kinachobandikwa ndani ya pasipoti, ambacho kimewaletea wengi furaha na wengine machozi. Kinaitwa viza ya Schengen. Ukiwa nacho, unaweza kunywa chai ya asubuhi mjini Aachen huko Ujerumani, ukala chakula cha mchana Ubelgiji na ukalala Uholanzi, bila ya kuomba ruhusa nyingine njiani.

Huenda ukasema, "Mimi na Ulaya wapi na wapi?" Ngoja kwanza, usifunue ukurasa. Siku hizi ni nadra kupata ukoo usio na mtoto ng'ambo. Mmoja amekwenda kusomea uuguzi, mwingine ameolewa huko, wa tatu yuko chuo kikuu. Ipo siku barua ya mwaliko itabisha hodi nyumbani kwenu, na wa kwanza kuitwa atakuwa mama au bibi. Siku hiyo utaulizwa wewe uliyesoma, na jibu lako laweza kuokoa fedha za jamaa nzima au kuzitupa mtoni.

Nayaandika haya baada ya kuzuru Ngao, kile kijiji cha Wapokomo kilicho karibu na Garsen katika Kaunti ya Tana River. Jina la Ujerumani si geni pale. Wamishonari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walifungua kituo chao Ngao mwaka wa 1887, wakati bendera ya nchi yao ilipokuwa ikipepea Witu. Hapo hapakuwa na viza wala kupigwa picha za pasipoti. Mgeni alifika, akapokewa, akajenga. Leo mjukuu wa mwenyeji akitaka kurudisha ziara ile, anadaiwa karatasi za kujaza kikapu.

Swali lililonifanya nikate shauri kuandika makala haya niliulizwa na bibi mmoja mkulima wa mpunga. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwandishi wa gazeti? Basi nambie. Mjukuu wangu wa kwanza yuko Ujerumani, wa pili yuko Uholanzi. Nikipewa ruhusa ya Mjerumani, huyo Mholanzi hatanifukuza?"

Hatakufukuza, Bibi. Lakini kuna hesabu ndani yake, na wengi huanguka katika hesabu hiyo. Hebu tuichambue pamoja.

KIJIJI KANDO YA MTO

Schengen si jina la shirika wala la mtu. Ni kijiji kidogo cha wakulima wa zabibu katika nchi ya Luxembourg, kando ya mto Moselle, mahali ambapo mipaka ya Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa inakutana. Tarehe 14 Juni 1985, wajumbe wa nchi tano walikutana hapo, wakapanda meli iliyokuwa imetia nanga mtoni, na kutia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo baina yao. Nchi hizo zilikuwa Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Utekelezaji wenyewe ulianza tarehe 26 Machi 1995.

Maana yake ni kwamba nchi hizo zilikubaliana kuwa na uzio mmoja wa nje. Ukishakaguliwa langoni, vyumba vya ndani viko wazi. Na kwa kuwa lango ni moja, ikabidi na viza ya wageni wanaokuja kwa muda mfupi iwe moja.

Tangu wakati ule nchi zimeongezeka. Kroatia ilijiunga mwaka wa 2023. Bulgaria na Romania ziliondolewa ukaguzi wa viwanja vya ndege na bandari tarehe 31 Machi 2024, na ule wa barabarani tarehe 1 Januari 2025. Hapo ndipo idadi ilipotimia nchi 29.

Tahadhari hapa, msomaji, usichanganye Schengen na Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini viza ya Schengen haikupi haki ya kuingia huko kama unavyoingia Ufaransa au Italia. Kinyume chake, Uswisi, Norwe, Iceland na Liechtenstein si wanachama wa Umoja huo, lakini zimo ndani ya Schengen. Uingereza haimo kabisa, nayo ina viza yake na ada yake.

Kosa la Uingereza huwapata wengi. Mtu yuko Ujerumani kwa viza ya kuingia mara moja. Anasikia kuna harusi ya binamu yake London, anahangaika mpaka anapata na viza ya Waingereza, anakwenda, anacheza ngoma usiku kucha. Akirudi kuchukua mizigo yake Ujerumani, anazuiliwa uwanjani. Kwa nini? Kwa sababu alipotoka kwenda London alikuwa ametoka nje ya uzio, na ile ruhusa ya kuingia mara moja ilikuwa imekwisha kazi.

UOMBE KWA NANI?

Nchi ni 29, balozi ni nyingi. Je, uende wapi? Kuna watu wanaokwambia uende kwenye ubalozi wenye foleni fupi, au ule unaosemekana una huruma. Usiwasikilize. Sheria iko wazi: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, au ile iliyo na shabaha kuu ya safari yako. Ikiwa siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza.

Kwa hiyo bibi yetu wa Ngao akipanga kukaa siku 40 kwa mjukuu wa Ujerumani na siku 20 kwa yule wa Uholanzi, ombi lake ni la Mjerumani, hata kama ndege itatua Amsterdam kwanza. Akigawa siku 30 kwa 30, basi ombi lake ni la yule anayetua kwake kwanza.

Akifanya ujanja, akaomba kwa Mholanzi ilhali siku zake nyingi ziko Ujerumani, ubalozi una haki ya kumwambia hapa sipo pako. Na ikigunduliwa baadaye kwamba viza ilipatikana kwa kudanganya juu ya safari, yaweza kufutwa hata akiwa uwanja wa ndege. Hebu fikiria mzee wa watu akirudishwa kutoka mlangoni, na mjukuu yuko upande wa pili na maua mkononi.

Mtu anayeishi Kenya huomba akiwa Kenya, na kwa kawaida jambo hilo huishia Nairobi. Nchi nyingine hazina ubalozi hapa na huwakilishwa na nyingine, na baadhi ya balozi hutumia makampuni ya kupokea maombi kwa niaba yao. Lakini anayeamua ni ubalozi wenyewe, si karani wa dirishani.

KIBABA KIMOJA CHA SIKU 90

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Viza ya Schengen ya muda mfupi inaruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni wa kudhani kwamba siku 90 ni za kila nchi. Sivyo. Ni kama kibaba kimoja cha mchele kinacholisha nyumba zote 29. Ukichota Ujerumani, umepunguza cha Uholanzi. Bibi akikaa Ujerumani mwezi wote wa Juni, ametumia siku 30. Akahamia Uholanzi mwezi wote wa Julai, ametumia siku 31 nyingine. Jumla ni 61, na zilizobaki ni 29 tu, hata akihamia Ureno au Ugiriki. Kuvuka mpaka wa ndani hakuanzishi hesabu upya.

Mtego wa pili ni wa kusema "miezi mitatu". Miezi mitatu na siku 90 si kitu kimoja. Aliyeingia tarehe 1 Juni akakaa mpaka tarehe 31 Agosti amekaa siku 92. Amepitisha siku mbili, na mbili hizo ni kosa. Siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 29 Agosti. Na usisahau kwamba siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia, hata kama ulitua saa tano na nusu usiku.

Mtego wa tatu ni wa zile siku 180. Watu hudhani ni nusu mwaka ya kalenda, kwamba ukifika Julai unaanza ukurasa mpya. La hasha. Kipindi hicho kinatembea pamoja nawe. Siku yoyote unapokuwa huko, simama, tazama nyuma siku 180 pamoja na hiyo ya leo, kisha ujiulize, "Katika siku hizo zote, nimelala ndani ya uzio siku ngapi?" Jibu lisipite 90.

Turudi kwa bibi yetu. Tuseme ana viza ndefu ya kuingia mara nyingi. Ameingia tarehe 1 Juni na kutoka tarehe 29 Agosti, siku 90 kamili. Mjukuu amejifungua Oktoba na anamtaka bibi haraka. Je, aweza kurudi? Hawezi. Akitazama nyuma mwezi huo wa Oktoba, siku zake zote 90 bado zinamtazama. Inambidi angoje mpaka tarehe 28 Novemba, ndipo siku za Juni zinapoanza kudondoka moja moja nyuma yake na yeye kupata nafasi ya kuingia tena.

Shika kalamu na kalenda ya ukutani, jaribu mwenyewe. Kijana wa kidato cha pili aweza kuifanya hesabu hii, na ni zoezi zuri kuliko mengi ya kitabuni.

ISOME STIKA YAKO

Viza ikishatolewa, usiibusu tu na kuifungia kabatini. Isome papo hapo, kwa sababu makosa ya uandishi hutokea, na ni rahisi kuyarekebisha ukiwa bado Nairobi.

Kuna sehemu nne za kuangalia. Kwanza, ni nchi gani unaruhusiwa. Viza ya kawaida husema ni kwa nchi za Schengen. Lakini nyingine hutolewa kwa nchi moja au chache tu, na hapo hutaruhusiwa kuvuka.

Pili, tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Tatu, idadi ya siku. Mambo haya mawili ndiyo yanayowachanganya watu kuliko yote. Stika yaweza kuonyesha kwamba ni halali kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Julai, lakini siku zilizoandikwa ni 30. Je, una siku 45 au 30? Una 30. Zile tarehe ni mlango tu, zinakupa nafasi ya kuchelewa ndege kidogo. Ukiingia tarehe 1 Juni, mwisho wako ni tarehe 30 Juni. Ukiingia tarehe 10 Juni, mwisho wako ni tarehe 9 Julai. Ukingoja tarehe 15 Julai kwa sababu umeiona imeandikwa, umekwisha.

Nne, mara za kuingia. Moja ina maana ukitoka umetoka. Mbili ina maana unaweza kutoka na kurudi mara moja. Ukiona herufi MULT, hizo ni mara nyingi, lakini daima ndani ya kibaba kile kile cha siku 90.

Viza ya miaka mingi haipewi mtu kwa sura nzuri. Kwa utaratibu wa kawaida uliowekwa mwaka wa 2020, aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili aweza kupewa ya mwaka mmoja. Akiitumia vizuri hiyo, hufuata ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, uaminifu wa safari ya kwanza ndio unaofungua mlango wa safari ya kumi.

Jambo jingine: ndani ya uzio pia tembea na pasipoti yako. Nchi zina haki ya kurudisha ukaguzi wa mipaka kwa muda. Ujerumani, kwa mfano, ilianza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Bibi aliyeiacha pasipoti Ujerumani akaenda Uholanzi "kusalimia tu" aweza kujikuta akijieleza kwa askari asiyejua Kiswahili wala Kipokomo.

KARATASI ZA MTU ASIYE NA MSHAHARA

Sasa tuje kwenye karatasi. Pasipoti yako iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki halali angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Unahitaji fomu, picha, mpango wa safari, mahali pa kulala na bima ya safari. Bima hiyo iwe ya kiasi kisichopungua yuro 30,000, ifae katika nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura, na hata kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Ni neno zito, lakini waliowahi kuchanga harambee ya kurudisha mwili wanajua uzito wake.

Isitoshe, lazima uonyeshe mambo mawili: kwamba una njia ya kujikimu, na kwamba utarudi. Hapa ndipo mtu wa kijijini huhisi ameonewa. Karani wa Nairobi ana hati ya mshahara, barua ya likizo na taarifa ya benki. Bibi wa Ngao ana shamba la mpunga, miembe, mbuzi na wajukuu kumi na wawili. Utajiri wake haukai benki.

Basi lazima utajiri huo uandikwe. Kama kuna hati ya shamba, ibebe. Kama hakuna, pata barua ya chifu inayoeleza makao yako na unalima nini. Chukua stakabadhi za mauzo ya mpunga au maembe, kitabu cha akiba cha chama au cha ushirika, na taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto walio nyumbani vinaonyesha kuna watu wanaokungoja. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo inayokuhakikishia viza, lakini zikiwa pamoja zinasimulia maisha ya kweli.

Mwenyeji naye ana kazi. Ujerumani ina hati rasmi ya udhamini: mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake, akaonyesha mapato yake na kutia saini kwamba atabeba gharama zote za mgeni. Hati hiyo ina nguvu kuliko barua kumi za mapenzi, lakini si mchezo. Bibi akiugua kupita bima yake, mjukuu ndiye atakayedaiwa. Kwa hiyo mjukuu asiitie saini kwa haya, na bibi asimlazimishe.

Hapa pana jambo ninalotaka ulishike sana. Usipakie fedha za kukopa katika akaunti wiki moja kabla ya kupeleka maombi. Afisa anayesoma taarifa za benki kila siku anaona mara moja akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikapokea laki tatu kwa siku moja. Ni afadhali akaunti ndogo yenye ukweli, pamoja na mdhamini anayejulikana, kuliko kubwa isiyo na maelezo.

MUDA NA GHARAMA

Ada ya viza ilipandishwa tarehe 11 Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi yuro 90 kwa mtu mzima, yaani kama Sh13,000 hivi ikitegemea bei ya yuro siku hiyo. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja hulipa yuro 45, na wa chini ya miaka sita halipi. Makampuni yanayopokea maombi huongeza ada yao. Ukinyimwa, hurudishiwi hata senti.

Maombi hupelekwa mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa kwa siku 15, lakini waweza kuvutwa hadi siku 45. Na kabla ya hapo kuna kungojea siku ya miadi, ambayo msimu wa safari nyingi waweza kuwa wiki nyingi. Anayetaka kusafiri Juni aanze kukusanya karatasi Januari.

Kwa mtu wa Tana kuna hesabu nyingine. Kutoka Ngao hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na Nairobi ni karibu kilomita 500 mbele ya hapo. Alama za vidole hazitumwi kwa posta, shurti uende mwenyewe. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwafundisha watu wa huku kwamba barabara si ahadi. Usipange miadi yako wakati wa masika na kusafiri usiku wa kuamkia siku yenyewe. Habari njema ni kwamba alama za vidole zikishachukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo ombi la pili laweza kuwa na udhia mdogo zaidi.

Tikiti nayo, usiilipe kabisa kabla ya viza. Balozi huhitaji kuona nafasi uliyoshikiwa na shirika la ndege, wala si lazima tikiti iliyokwisha kulipiwa. Wengi wameuza ng'ombe wakanunua tikiti isiyorudishwa, kisha viza ikakataliwa.

Ukinyimwa, utapewa barua yenye sababu. Isome. Usiichane kwa hasira. Unayo haki ya kukata rufani kwa sheria za nchi iliyokunyima, au kuomba upya baada ya kurekebisha kasoro. Kunyimwa mara moja si laana ya maisha. Kudanganya ndiko kunakofuata mtu.

MADALALI NA WANAOZAMA

Katika kila mji kuna kijana mwenye tai anayesema ana "mtu wake ndani ya ubalozi". Atakutaka laki moja, atakupa barua ya mwaliko ya hoteli usiyoijua na taarifa ya benki ya akaunti usiyonayo. Siku karatasi hizo zitakapogunduliwa, jina litakaloandikwa ni lako, si lake. Kumlipa mtu akusaidie kujaza fomu kwenye saiba si kosa. Kumlipa akutungie maisha ni kosa.

Kuna na wale wanaosema, "Wewe ingia tu, ukishafika zama." Viza hii si ya kazi wala ya kuhamia. Anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 ili asome, afanye kazi au aishi na mwenzi wake anahitaji viza nyingine, ya nchi yenyewe, nayo huombwa akiwa bado nyumbani. Aidha, siku za kubahatisha mihuri zimekwisha. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuweka mfumo mpya wa kompyuta unaoandika kila mgeni anapoingia na anapotoka, pamoja na picha ya uso wake na alama za vidole. Kompyuta ndiyo inayohesabu siku zako sasa, wala haisahau wala haipokei chai. Aliyepitisha siku aweza kutozwa faini na kupigwa marufuku kurudi, na ombi la jamaa yake wa pili huenda likatazamwa kwa jicho kali.

Ikiwa umeugua kweli au safari za ndege zimesimama, usijifiche. Nenda kwa wakuu wa huko kabla viza haijaisha, ukiwa na barua ya daktari au ya shirika la ndege, uombe kuongezewa muda. Sheria inalo fungu la dharura kama hizo.

NA KWETU JE?

Usidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Tangu mwaka wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii kwa wageni. Bei yake ni dola 100 za Marekani, na inampa mgeni siku 90 za kuzunguka nchi hizo tatu. Mjukuu wa Ngao akija na marafiki zake wa Kijerumani, wakataka kuona mto Tana na kisha masokwe wa Uganda, viza hiyo yaweza kuwafaa. Lakini mtego ni ule ule: Tanzania haimo. Mgeni akikatiza kwenda Unguja ametoka nje ya uzio, na viza yake ya pamoja inakoma.

Sisi Wakenya wenyewe, kitambulisho cha taifa kinatosha kutuingiza Uganda na Rwanda. Hiyo ni nafasi nzuri kwa familia isiyo na uwezo wa Ulaya. Wanafunzi wanaweza kujifunza kuvuka mpaka, kubadilisha fedha na kutunza hati zao kwa nauli ya basi.

Bibi wa Ngao aliponisikiliza mpaka mwisho, aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nikirudi siku waliyosema, wataniita tena?" Nikamjibu kwamba hakuna wa kumwahidi, lakini huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote atakaokuwa nao. Akamgeukia kijana wake, akamwambia alete kalenda.

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwenu kuna safari inayopangwa, ketini leo jioni baada ya chakula. Andikeni tarehe ya kuingia, hesabuni siku moja moja, kisha andikeni tarehe ya kurudi kwa wino mwekundu. Ada na taratibu hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote thibitisheni kwa ubalozi wenyewe. Hesabu ya siku itawachukua robo saa, na yaweza kuiokoa akiba ya mwaka mzima.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia safari njema na marejeo mema.